Nyota Changa

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Atupele, mwalimu wa fizikia aliyehamia kwetu kutoka Mbeya.

Asubuhi moja alikwenda kwenye ukumbi mmoja Sumbawanga mjini, kujifunza kutumia miwani ya uhalisia pepe. Ukiivaa unajikuta umesimama katikati ya anga, nyota zimekuzunguka pande zote, nawe unatafuta zile zinazokwenda pamoja kama ndugu.

"Hizo ndizo nyota changa zilizo jirani na Jua," alieleza mkufunzi, Benjamini.

Neno hilo, changa, lilimchoma Atupele. Mwanawe mchanga walimzika kijijini Kaengesa mwaka juzi, na matanga hayajaisha mumewe akarudi zake Mbeya, akisema hawezi kuishi na mwanamke mwenye mkosi.

Akavaa miwani. Giza likamfunika, na kelele za bodaboda nje zikafifia. Alipolikaribia kundi dogo la nyota, alisikia pumzi fupifupi, kisha kilio chembamba cha mtoto anayetafuta titi. Akageuka kushoto, na kilio kikageuka naye.

Aliivua kwa hasira. "Benjamini, nani kakutuma unidhihaki? Zima hiyo sauti!"

"Sauti ipi, dada? Miwani hii haina spika."

Kisha Benjamini akainamisha macho haraka, akavua koti lake na kumpa ajifunike. Atupele akajitazama. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, na maziwa yalikuwa bado yanatoka, ya vuguvugu.