Sekunde Thelathini na Tatu

Ifahamike kwa walio hai, na kwa wafu wenye nafasi ya kusikiliza, kwamba uhalifu unaosimuliwa hapa ulitikisa misingi ya dola. Ulipangwa na majambazi watatu wasio na chembe ya huruma. Ulitekelezwa mchana kweupe. Kilicholengwa ni vitanda.

Vitanda vitatu, kusema kweli. Vya chuma. Kimoja kinalia ukigeuka.

JUMATANO, SAA 8:10 MCHANA

Stoo ya magodoro ya shule. Harufu ya vikojozi wa miaka mingi. Jemedari alikaa juu ya rundo, miguu ikining'inia.

"Kufuli anabandika orodha ya mabweni leo, saa kumi na moja kasoro robo," alisema. "Mwaka ujao mimi bweni la mbele, Filimbi bweni la nyuma. Wametutenga kama paka na samaki."

"Nani samaki?" Filimbi akauliza.

"Nyamaza. Chumba cha Tisa kina vitanda vitatu na mlango unaofungwa kwa ndani. Nakitaka. Tunahamisha majina kwenye mashine kabla hajachapisha."

Kufuli alikuwa mwalimu wa kompyuta. Kila siku saa kumi alichomoa vipanya vyote, akavihesabu, akavifungia kwenye kopo la biskuti na kuondoka nalo kwapani. Neno la siri hakuweka. Bila kipanya, alipenda kusema, kompyuta ni sanduku tu.

Ndiyo maana siku hiyo palikuwa na jambazi wa tatu. Alisimama karibu na mlango, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. Likizo iliyopita hakuja mtu kumchukua. Alibaki shuleni wiki tatu, yeye na mlinzi na maabara ya kompyuta. Ukutani palikuwa na karatasi iliyofifia, orodha ya vitufe vya mkato. Aliimaliza yote kwa vidole. Katika wiki zile tatu, kitu pekee kilichomuuliza swali kilikuwa mashine: Je, unataka kuhifadhi mabadiliko?

Jemedari alimwona Jumatatu akifanya kazi bila kipanya, akambatiza papo hapo: Mkato. Usiku ule Mkato alilirudia jina lake chini ya blanketi mara saba.

"Kutafuta jina, kulikata, kulibandika kwingine," Jemedari akasema. "Muda gani?"

"Sekunde kumi na moja."

"Majina matatu?"

"Thelathini na tatu."

Filimbi akapiga mluzi. "Huyu si mtu, ni radi."

"Malipo yako pakiti mbili za biskuti," Jemedari akasema. "Majina yamo mfukoni mwangu. Nitakutajia moja moja. Asiyejua hasemi."

Mkato aliitikia kwa kichwa. Hakuhitaji kutajiwa. La kwanza Jemedari, la pili Filimbi. La tatu lingekuwa la Binamu, mtoto wa mjomba wake Jemedari, aliyekaa naye meza moja kila mlo. Mkato alikula mwisho wa meza nyingine, karibu na ndoo ya makombo.

SAA 10:15 JIONI

Shule nzima ilikuwa uwanjani. Kufuli akaenda kunywa chai na walimu wenzake, kopo kwapani. Filimbi akajibanza chini ya dirisha. Mluzi mmoja, salama. Miwili, kimbia.

SAA 10:17

Maabara. Feni ikizunguka bila kupoza chochote. Mkato akakaa. Kitufe cha dirisha. Herufi tatu. Enta. Orodha ikafunguka: majina mia tatu na kumi na mawili.

"Mama yangu," Jemedari akanong'ona. "Hata hujagusa kitu."

"Nimegusa vitufe vitano."

"La kwanza, mimi."

Kontroli na F. Jina. Kontroli na X. Chumba cha Tisa. Kontroli na V. Sekunde tisa.

Jemedari akacheka, akamwekea mkono begani. "Wewe mtu hatari sana, ndugu yangu."

Mkono ulikuwa na joto. Ulikaa. Mkato akapiga hesabu. Zimebaki sekunde ishirini na mbili. Baada ya hapo, biskuti. Baada ya biskuti, ndoo ya makombo.

"La pili, Filimbi. Twende."

Mkato akaweka kidole kwenye kitufe cha mshale wa chini. Akabonyeza. Mstari mmoja. Akabonyeza tena. Mstari wa pili.

"Mashine nzito leo," alisema.

SAA 10:24

Mstari wa tisini na sita. Jemedari alikuwa amevuta kiti, goti likigusana na la Mkato. Alimsimulia jinsi Filimbi alivyolia alipong'olewa jino.

"Nilikuwa na homa!" sauti ikatoka chini ya dirisha.

"Homa ya jino!"

Mkato akacheka kwa sauti, akashtuka kuisikia. Mstari wa tisini na saba.

"Kaka, si kuna njia ya haraka?" Jemedari akauliza.

"Leo imegoma."

SAA 10:33

Jina la Filimbi likatua Chumba cha Tisa. Papo hapo, miluzi miwili.

"Mkuu, toka! Anakuja!" Filimbi akafoka kwa mnong'ono.

"Bado jina moja."

"Acha! Pitia dirishani!"

"Siondoki. Bado jina moja." Jemedari alikuwa akipapasa mfuko, jasho likimtiririka. "Mkato, andika. Andika upesi."

Yote hayo kwa ajili ya Binamu, Mkato akawaza. Vidole vikakataa.

Mlango ukafunguka.

SAA 10:34

Kufuli hakufoka. Aliweka kopo mezani. Akatazama skrini, kisha mahali ambapo kipanya hakikuwapo, na uso wake ukawa wa mtu aliyeibiwa dini. Akanyoosha mkono. Jemedari akamkabidhi kikaratasi.

"Chumba cha Tisa," Kufuli akasoma. "Jemedari. Filimbi." Akakigeuza. "Na huyu Mkato ndiye nani?"

Feni ilizunguka.

Kufuli akachomeka kipanya, akarudisha majina yalipokuwa, akachapisha orodha ileile ya zamani. Jemedari wala hakuangalia. Alikuwa amemgeukia fundi wake.

"Ulisema sekunde kumi na moja," alisema taratibu. "La kwanza nililiona. La pili limekula robo saa. Kwa nini?"

Hapa msimulizi, ambaye amejificha nyuma ya "Mkato alifanya hivi, Mkato alifanya vile" kama mwizi nyuma ya pazia miguu ikionekana, anaomba kutoka. Mkato ni mimi. Mashine haikugoma. Njia ya haraka niliijua, na kidole kilikuwa juu yake. Niliwaza wakishapata chumba chao wataondoka, na mimi sikuwa nimewahi kukaa na mtu kiasi kile. Nilimwambia hivyo, mbele ya Kufuli, nikiangalia vitufe.

Jemedari alikirudisha kiti mahali pake.

"Tungekaa mwaka mzima, bwana," alisema. "Wewe ukaona bora robo saa."