Nishikie Pete Nikacheze

—We Mashoto, hebu simama hapo hapo. Goti lako limehama?

—Limehamaje?

—Plasta umefungwa goti la kushoto. Lililoumia si la kulia?

Akainama kutazama miguu yake. Mpira ukamponyoka, ukadunda zake mpaka ukutani, na hakuufuata.

Mimi ni kipa. Wenzangu wakipasha misuli moto, mimi nakaa golini natazama watu, na siku hiyo macho yangu yaliona kitu. Mpira wa mikono ndiyo kazi yetu, tunalipwa kwa huo. Na Mashoto, tuliyemwita hivyo kwa sababu anarusha kwa mkono wa kushoto, alikuwa hatari kuliko sisi wote mpaka alipoanguka vibaya akaumia goti. Tangu hapo akawa mtu wa benchi. Anapasha misuli, anarusha kidogo, kisha anakaa.

Aliyemkalisha ni Dokta, tabibu wa timu, ambaye pia ni mchumba wake. Kila asubuhi anamfunga goti kwa mikono yake. Anamleta yeye, anamrudisha yeye, meseji zake anazisoma yeye kwanza. Tukimwita twende tukanywe chai, jibu ni lile lile: "Dokta kasema nisisimame sana." Ukiniuliza mimi, yule dada hakufungwa goti, alifungwa mzima mzima.

—Umeruka sasa hivi, nikamwambia. Umerukia huo huo mguu wa kulia, mtupu, hauna hata uzi, na shuti limenipita sikioni. Umesikia maumivu?

—Hapana.

—Hata kidogo?

—Hata kidogo. Leo alikuwa ananifunga huku anaongea na fundi wa suti yake kwenye simu. Na mimi sikuangalia.

—Sasa mtu anayekuambia kila siku goti litakatika, anasahauje ni lipi?

Akanishika mkono.

—Twende kwa Kocha. Na wewe usiseme neno, nakujua.

Kocha wetu, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, alikuwa kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo. Dokta alikuwa naye, anatabasamu lile tabasamu lake lililomfanya mama yake Mashoto amwite mkwe hata kabla ya posa.

—Kocha, naomba nicheze leo.

—Mwulize Dokta wako.

—Mpenzi, si tumeshaongea? Haya, njoo nikuangalie.

Akachuchumaa. Akaweka kidole gumba juu ya plasta, akaminya huku amefumba macho.

—Mnaona? Uvimbe bado upo. Hapa pembeni kuna maji, nayahisi kabisa. Kocha, ukimchezesha leo tutamtoa kwa machela.

—Una uhakika? Mashoto akauliza.

—Kama ninavyokupenda.

—Dokta, Kocha akasema taratibu. Hilo ni goti la kushoto.

Loh! Akautoa mkono kama kagusa sufuria ya moto.

—Nimechanganya tu. Mambo ya harusi haya, kichwa kimejaa...

—Na uvimbe nao umeuchanganya? nikadakia. Nisameheni, mdomo wangu haujui kunyamaza.

—Wewe kipa hayakuhusu!

—Nijibu mimi basi, Mashoto akasema. La kulia lilipona lini?

Dokta akainuka, akajipangusa magoti.

—Nakuuliza, lilipona lini?

—Zamani, akasema akitazama sakafu. Wale wa timu ya ng'ambo walinipigia simu. Wanakutaka. Wangekuchukua, mimi ningebaki na nani?

Kocha akageuka mwili mzima.

—Wewe si uliniambia amewakataa mwenyewe? Wako jukwaani leo! Wamekuja kumtazama winga wa wapinzani!

Mashoto hakupiga kelele. Mimi ningepiga, tena mpaka jukwaani wasikie.

—Msimu mzima nimeuogopa mguu wangu mwenyewe, akasema. Ngazi nashuka nimeshika ukuta. Nalia, na wewe umenishika kiuno unaniambia pole.

—Nilifanya kwa mapenzi.

—Najua. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Akaingia chumbani, akaanza kubandua plasta. Hajamaliza, simu ikalia meseji. Akanionyesha.

"Nisamehe. Lakini ukiingia uwanjani leo, harusi hakuna. Chagua."

Akaketi. Kwa kweli niliogopa. Nilimwona anavyoitazama ile plasta nusu imebanduka, nusu imeng'ang'ania, kama anayewaza airudishie. Mara simu ikaita. Mama yake, na sauti naisikia hata mimi niliyesimama pembeni.

—Mwanangu, mkwe wangu kanipigia analia kama mtoto. Kadi zimeshatoka, ukumbi umeshapambwa. Watu watatuonaje? Kaa tu leo, mama, harusi ipite.

—Mama, goti lilipona zamani. Alinificha.

—Lilipona?

—Lilipona, mama.

—Na zile dua zote nilizokuwa nakuombea?

—Alikuwa anajua.

—Na akawa ananiitikia amina! Sauti ikapanda na ukali wake wote. Sasa unaniuliza nini mimi? Si uvae viatu!

Tulicheka na machozi yanatutoka.

Sasa, mchezo wetu hauchezwi na pete kidoleni, refa haruhusu. Zamani, kabla ya kuumia, Mashoto alikuwa akimwachia Dokta pete kila mechi, naye anaivaa kwenye kidole chake kidogo, sisi tunawatania. Msimu huu haikuwahi kutoka.

Siku hiyo aliivua mbele ya benchi zima. Ikagoma, akaizungusha, ikatoka.

—Nishikie, akamwambia.

Dokta akaipokea. Nilimwona anavyoshusha pumzi, akidhani kasamehewa.

Mashoto akachovya vidole kwenye gundi, ile tunayopaka ili mpira ushike mkononi. Vidole vyake vilikuwa visafi, vimesahau kazi. Shuti la kwanza likagonga mwamba. La pili kipa wao akalidaka, na jukwaa likamzomea. La tatu akarukia mguu wa kulia, akakaa hewani mpaka kipa wa watu akachoka kusubiri, akaulaza mpira kona ya chini. Baada ya hapo hakuzuilika. Tulishinda, japo mimi nilifungwa mabao ya aibu ambayo leo siyaelezi.

Wale wageni wa ng'ambo walishuka jukwaani wakaenda moja kwa moja kwa Kocha. Dokta yeye alikuja mlangoni kwetu, pete kaiweka katikati ya kiganja.

—Umecheza vizuri, mpenzi. Ile meseji niliiandika kwa hasira, isahau. Chukua pete yako twende nyumbani.

Mashoto akamwonyesha mkono wake, vidole vimeshikana kwa gundi.

—Mkono una gundi.

—Osha, nakusubiri.

—Hapana, endelea kuishika, akasema, akaingia kuoga.