Fundi Aliyeipaka Ardhi Chokaa

Fundi alikuwa mpiga plasta. Kila jioni alirudi nyumbani akiwa mweupe kuanzia kofia hadi kandambili.

"Pita nyuma!" mke wake alimwambia kila siku. "Jikung'ute hukohuko. Chokaa yako sitaki kuila."

Fundi aliipenda chokaa. Ukuta ukichakaa, chokaa. Choo kikinuka, chokaa. Siku mtoto wao alipoumwa tumbo, mke alimwahi mlangoni.

"Hata usifikirie!" alimwambia.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na malisho. Nchi ile ni kavu. Mvua hunyesha kidogo, tena kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Ardhi imejaa kokoto, na udongo wake ni wa kijivu na mwepesi. Humo walilisha mbuzi sita. Mbuzi walikuwa wa mke. Alipewa na mama yake mzazi.

Mwaka ule nyasi zilikuwa haba. Mbuzi walikonda.

"Nikikaa jikoni naziona mbavu zao," mke alisema. "Sikiliza, baba watoto. Mvua hizi zikipita bila nyasi, nawarudisha mbuzi kwa mama. Na mimi nafuatana nao."

"Kwa muda gani?"

"Waulize mbuzi."

Fundi alicheka. Mke hakucheka. Hapo Fundi akajua kwamba maneno yale si mzaha.

Kesho yake aliingia kazini. Kwanza alizoa kokoto zote za malisho na kuzirundika kando ya ua. "Nyasi gani itaota chini ya mawe?" alisema. Malisho yakabaki safi kama sakafu. Kisha akasikia redioni mtu akisema kwamba udongo uliochoka hutibiwa kwa chokaa.

Fundi aliruka.

"Mke wangu! Kumbe dawa ninayo stoo siku zote!"

Alitoa mifuko ya chokaa iliyobaki kazini. Akaimwaga malisho yote, akaisawazisha kwa reki, akarudi nyuma kutazama kama atazamavyo ukuta mpya. Mchana upepo ukaja. Ulibeba chokaa, ukabeba na udongo wenyewe. Mbuzi wakawa weupe. Nguo zilizoanikwa zikawa nyeupe. Mke naye akatoka nje mweupe nyusi zote mbili.

"Umemaliza kuta za watu, sasa unanipaka mimi?" aliuliza.

Mvua ya kwanza ilinyesha. Maji yaliteleza juu ya ardhi tupu na kukimbilia barabarani. Jua lilipotoka, udongo ukakauka na kufanya ganda gumu. Nyasi chache zilizoota zilikuwa za njano. Mke hakugomba. Alichukua simu, akampigia mama yake.

Mama mkwe alikuwa mtaalamu wa malisho. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili. Fundi alimwogopa kuliko kupanda jukwaa bovu. Kesho yake alifika.

"Shikamoo, mama," Fundi alisema, akiinama.

"Marahaba, mwanangu. Haya, nani amekufia?"

"Hakuna, mama."

"Mbona malisho yamevalishwa sanda?"

Fundi alieleza habari za redio. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti yake. "Niletee siki."

Alivuka njia, akaenda mahali ambapo Fundi hakumwaga kitu. Akachota udongo mkono mmoja, akaudondoshea siki.

Udongo ukatoa povu. *Chhhh!*

Fundi alirudi nyuma hatua tatu. "Mama, uache! Unachemka!"

"Hauchemki. Chokaa ikikutana na siki hutoa povu hivi."

"Lakini hapa sijaweka chokaa!"

"Ndicho ninachokuuliza sasa, mwanangu. Kama hapa hukuweka na imejaa, kule ulikuwa unaongeza ya nini?"

Mke alijifunika mdomo kwa kanga, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Redio haikudanganya," mama mkwe aliendelea. "Ila ilisema habari za udongo mwingine. Kuna udongo mchachu, wa nchi zenye mvua nyingi. Ule huhitaji chokaa. Huu wetu una chokaa ya kuzaliwa nayo. Kabla hujautibu udongo, kwanza upime. Chukua sururu, uchimbe hapa."

Fundi alichimba. Shimo lilipofika magotini, sururu ililia *ngwaa!* Akapangusa udongo kwa kiganja. Chini kulikuwa na tabaka jeupe, gumu, limekaa sawasawa.

"Ah!" alisema. "Nani amepiga plasta humu chini?"

Mama mkwe alicheka hadi akashika kiuno. "Mvua na jua, mwanangu. Mvua yetu ni ndogo. Inayeyusha chokaa ya juu na kuishusha kidogo tu. Kabla haijafika mbali, jua linayakausha maji. Chokaa inabaki palepale. Miaka na miaka, inakuwa hivi."

Aliokota kokoto moja, akaigeuza. Upande wa chini ulikuwa na utando mweupe. "Unaona? Hata jiwe limepakwa."

"Kazi safi," Fundi alinong'ona.

"Safi kwako. Mizizi inafika hapo inagonga mwamba. Maji nayo hayapiti."

"Na zile nyasi za njano, mama?" mke aliuliza.

"Zina njaa. Udongo huu una chakula, lakini chokaa ikizidi hukifungia. Ni kama mtu amekaa mbele ya kabati lililojaa vyakula, na ufunguo hana. Mumeo ameongeza kufuli."

Fundi alitazama kandambili zake.

"Sasa, kokoto za kule malishoni ziko wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Zile pale uani, mama. Nimezitoa zote. Nimesafisha."

"Umesafisha! Mwanangu, umeng'oa bati la nyumba ukasema umesafisha! Kokoto zikiwa juu, upepo haubebi udongo. Tone la mvua linapiga jiwe, halipigi udongo. Chini ya jiwe unyevu unakaa. Hata mbegu hujificha hapo."

"Kwa hiyo zirudi?"

"Zirudi."

"Zote?"

"Kwani ulizitoa nusu?"

Basi Fundi alirudisha kokoto. Alirudisha kwa toroli mpaka viganja vikaota sugu mpya juu ya zile za zamani. Ndogo alizitawanya. Kubwa alizipanga mistari ya kukata mteremko, ili maji ya mvua yapunguze mbio. Mistari hiyo ilitakiwa kukaa sawa kabisa, na hapo Fundi alipata raha yake. Alichukua mpira mrefu wenye maji ambao mafundi hupimia msingi, akapima kila mstari. Mama mkwe alipita, akatazama, akamsogezea jiwe lingine.

Kisha walichimba vishimo vifupi vya nusu mwezi, mdomo ukitazama juu ya mteremko. Ndani waliweka samadi iliyooza, kwa kuwa samadi hushika maji na kusaidia mizizi kupata chakula. Wakapanda mbegu za nyasi za hapohapo, ambazo zimezoea udongo ule.

"Na mbuzi?" mke aliuliza.

"Wafungiwe. Mkate majani ya vichaka mbali na hapa, mwalishe zizini. Asiingie hata mmoja mpaka nyasi zitoe mbegu. Kisha mgawe malisho vipande. Kimoja kinaliwa, vingine vinapumzika. Nitarudi mvua zikiisha. Nikikuta jangwa, naondoka na mbuzi." Akamtazama binti yake. "Na huyu."

Mvua zikaja, fupi kama kawaida. Safari hii maji hayakukimbia. Yalituama kwenye nusu mwezi, yakazama taratibu. Nyasi zikaota, za kijani kweli.

Mama mkwe akarudi na gari la mizigo. Dereva alikuwa na kamba tayari. Mama mkwe aliingia malishoni peke yake. Alizunguka, akainama, akavuta shina la nyasi. Halikung'oka. Mke wa Fundi alisimama mlangoni akitazama.

"Dereva," mama mkwe aliita, "hakuna mzigo." Kisha akamgeukia Fundi, uso umejaa furaha. "Mwanangu, malisho haya ni mazuri kuliko yangu! Wiki ijayo naleta mbuzi wangu kumi na watano."

Fundi aliinama kwa adabu zote.

"Mama yangu, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini hapana. Ardhi hii ni dhaifu. Ukilileta kundi lako lote, watakula hadi mizizi, na mwakani sote hatuna nyasi."

Mke alifumba macho. Hakuna aliyewahi kumwambia mama yake neno hapana.

Mama mkwe alimkazia macho Fundi.

"Binti yangu," alisema, "huyu mwanamume nilikuwa nimekuja kukuondoa kwake. Kaa naye. Nao mbuzi wangu wabaki kwangu, nikaanze kuwachimbia nusu mwezi."

Akapanda gari. Fundi akakaa chini palepale, juu ya kokoto. Mke wake akamletea maji ya kunywa, akaketi kando yake.