Aliyekataa Chumvi

Mchuzi wa mbuzi ulinukia vizuri, lakini Iddar, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka mgodini, aliusukuma pembeni. "Kuanzia leo nipikie usiotiwa chumvi."

"Umeshiba chumvi ya kazini?" Ijja alimtania mumewe.

Hakucheka. Alimpakata binti yao Tiziri, akamwimbia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Chumba kilinuka salfa kwa mbali.

Siku zilizofuata hakwenda kazini, wala hakusema kwa nini. Mwishowe Ijja alipanda mlimani kumwombea ruhusa, kwenye matangi ambamo mawe ya shaba hulowekwa katika maji mekundu ya chumvi ya chuma mpaka shaba iyeyuke.

"Ruhusa ya nini, shemeji?" msimamizi, Bihi, alishangaa. "Iddar hatoki hapa. Analala palepale kando ya tangi. Sisi tulijua mmegombana."

Ijja alikimbilia huko. Kweli, mumewe alikuwa amejikunyata kando ya tangi, ndevu zimemjaa, nguo zimetobolewa na tindikali.

"Tulipoloweka mawe ya shimo la kale, kuna kitu kilitoka," Iddar alinong'ona. "Kinaniita kwa sauti yangu mwenyewe. Maji haya hakiyasogelei, ndiyo maana siondoki."

"Iddar, Tiziri nimemwacha na nani?"

Iddar aliinuka. Alijaza galoni maji yale mekundu, wakashuka mbio, na kutoka mbali wakamsikia mtoto akicheka na sauti ya Iddar ikimwimbia, ilhali Iddar mwenyewe alikuwa akikimbia ubavuni mwa mkewe, mdomo kaufumba, na kadiri walivyokaribia ndivyo salfa ilivyowakaba koo, mpaka Ijja akasukuma mlango na kumwona Tiziri mapajani mwa mtu mwenye sura ya Iddar.

"Tiziri, njoo nikuvike viatu," alisema polepole.

Mtoto aliposhuka mapajani tu, Ijja alimpokonya Iddar galoni, akatamka bismillahi, akalimwaga lote juu ya yule mtu. Yule aliyeketi hakupiga kelele. Maji mekundu yalitiririka sakafuni yakigeuka kijani, na juu ya mkeka ukabaki unga wa njano.

Iddar alipiga magoti, akamnyooshea binti yake mikono. Tiziri alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Simtaki huyu," alilia. "Namtaka baba anayeniimbia. Baba!"

Juu ya paa, sauti ya Iddar ikaitika taratibu, "Naam, mwanangu."