Noela na Stendi ya Mguu Mmoja

Kila siku baada ya masomo, Noela hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipitia studio ya shangazi yake Serafina, karibu na soko la Kharumwa. Alifagia, akapangusa lenzi kwa kitambaa laini, kisha akakata kwa mkasi picha ndogo za vitambulisho. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alisoma darasa la sita. Kwa miaka miwili shangazi alikuwa akimfundisha kupiga picha, na sasa alimwamini kiasi cha kumwachia kamera yake ya zamani.

Ijumaa moja, Mwalimu Bartholomeo, mwalimu wa michezo, alifika studio. Kesho yake shule zingeshindana ili kuchagua timu ya wilaya. Alitaka picha za wakimbiaji wanapovuka mstari wa mwisho, kwa kuwa mwaka uliotangulia waamuzi walibishana sana. Shangazi alikuwa na kazi ya kipaimara kanisani, hivyo akasema Noela atakwenda.

Pale kwenye kona zilisimama stendi mbili za mguu mmoja, zile fimbo za kuchomekea kamera juu ili mpigapicha asibebe uzito wote mikononi. Moja ilikuwa nyeusi, nzito, imechubuka rangi. Nyingine ilikuwa ya fedha, nyembamba, inang'aa. Shangazi aliinunua kwa ajili ya wateja wanaojipiga kwa simu.

"Chukua nyeusi," shangazi alimwambia. "Lenzi ya mbali ni nzito. Usiishike kwa mikono siku nzima."

Asubuhi shangazi alipokwisha kuondoka, Noela aliiangalia ile nyeusi akakunja uso. Mara ya mwisho alipoibeba, wavulana wa darasa lake walimwita mchunga ng'ombe na kumuuliza ndama wake wako wapi. Akaiacha konani. Akachukua ya fedha.

Hata saa nne haikufika, alikuwa ameanza kuichukia. Kila alipoegemeza kamera, vipande vya stendi viliteleza na kuzama kimoja ndani ya kingine, naye akajikuta ameinama kama anayetafuta sindano. Alikaza vifungio, vikateleza tena. Mwishowe akaiegemeza kwenye nguzo ya goli, akaendelea kwa mikono mitupu. Hadi saa nane mabega yalimwuma na vidole vilikuwa vinatetemeka. Mawingu nayo yalikuwa yametanda.

Ndipo ikaitwa fainali ya mita mia nne kwa wasichana, na rafiki yake Justa alikuwa ndani.

Justa alikuwa amejiandaa kwa miezi mitano. Alfajiri alikimbia peku kwenye barabara ya changarawe, nyuma ya malori yanayobeba mifuko ya mawe kutoka machimboni, huku akimeza vumbi lao. Wasichana wawili tu wangechukuliwa katika kila mbio. Wa kwanza alivuka peke yake. Nyuma yake Justa na msichana wa shule ya jirani, Febronia, walifika pamoja, bega kwa bega. Noela alinyanyua kamera, mikono ikashuka, akabonyeza.

Waamuzi walitangaza Febronia wa pili, Justa wa tatu.

Justa aliapa kwamba alitangulia. Mwalimu Bartholomeo akaomba picha itazamwe. Mwamuzi mkuu aliishika kamera, akaikuza picha, akaigeuza huku na huku, kisha akairudisha. Alisema haoni mstari wala kifua cha mtu, anaona rangi tu. Matokeo yatabaki kama yalivyo. Na kwa kuwa mvua ilianza kunyesha, mbio za mita mia nane, ambazo Justa naye angekimbia, zikaahirishwa hadi Jumamosi iliyofuata.

Justa alimfuata Noela chini ya upenu wa darasa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulitumia stendi?"

Noela angeweza kusema kweli wakati ule. Lakini mwalimu alikuwa karibu, na wanafunzi wenzao walikuwa wanasikiliza.

"Nilitumia," alisema. "Ni kamera ya shangazi. Imechoka."

Maneno hayo mafupi yalitembea haraka kuliko alivyodhani. Jumatatu yalifika ofisini. Jumanne, Mwalimu Mkuu alimtumia Serafina ujumbe wa kumshukuru kwa miaka yote aliyopiga picha za mahafali ya darasa la saba, na kumjulisha kwamba mwaka huu shule itatafuta mpigapicha kutoka Geita, kwa sababu wamesikia kamera zake zimechakaa.

Noela alipoingia studio jioni ile, shangazi hakuitikia shikamoo yake. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, akipitia picha za Jumamosi moja baada ya nyingine. Alimwonyesha Noela kiti kwa kidole.

"Hizi za saa mbili ni safi," alisema taratibu. "Hii safi. Hii safi. Kamera iliyochoka inapiga hivi?"



Shangazi akafungua picha ya mchezo wa kuruka chini. Mrukaji alikuwa hewani, na nyuma yake lilionekana goli. Kwenye nguzo ya goli kulikuwa na kitu chembamba cha fedha kimeegemezwa.

"Na hiki ni nini?"

Noela akasema yote: wavulana, mchunga ng'ombe, stendi iliyokuwa inazama, na uongo alioutoa chini ya upenu. Shangazi alisimama. Alipokasirika sana Kiswahili kilimkimbia, na kwa dakika kadhaa alimfokea mpwa wake kwa Kisukuma, neno juu ya neno, hata mteja aliyekuwa mlangoni akageuza njia. Alipotulia alizungumza kwa sauti ya chini, na hiyo ilimwumiza Noela zaidi.

"Ungenivunjia kamera ningekasirika, halafu ningetafuta nyingine. Wewe umenivunjia jina. Jina naliokota wapi?"

Kesho yake asubuhi walikwenda shuleni pamoja. Mbele ya Mwalimu Mkuu, Mwalimu Bartholomeo na Justa, Noela alirudia kila kitu bila kupunguza. Mwalimu Mkuu alisikiliza, akamwomba radhi Serafina kwa kuamini maneno bila kuuliza, lakini kuhusu mahafali akasema atafikiri. Noela alimgeukia Justa na kumwomba msamaha.

"Msamaha wa nini?" Justa alisema. "Mimi sitajua kamwe kama nilishindwa au nilionewa. Miezi mitano yote, na sitajua."

Akatoka ofisini, na tangu hapo akahama dawati la mbele walilokaa pamoja, akaenda la nyuma.

Siku zile Noela aliwakasirikia watu wote. Aliwakasirikia wavulana kwa kumcheka, waamuzi kwa kutokuwa na macho, na Justa kwa kukataa hata kumwangalia. Lakini alipokuwa peke yake alijua kwamba mtu aliyemkasirikia kuliko wote ni yeye mwenyewe. Alhamisi alikusanya ujasiri akamwomba Mwalimu Bartholomeo amruhusu apige picha za mita mia nane. Mwalimu alimwambia akamwulize mwenye kamera.

Shangazi alizisimamisha stendi zote mbili sakafuni, akazivuta mpaka urefu wake wa mwisho.

"Weka kiganja juu ya hii, ukandamize."

Noela aliikandamiza ile ya fedha, ikazama. Akaikandamiza nyeusi kwa nguvu zake zote. Haikusogea hata kidogo.

"Stendi haichaguliwi na macho ya watu," shangazi alisema. "Huchaguliwa na uzito utakaoibebesha. Sasa ipandishe mpaka kamera ifike jichoni mwako wakati umenyooka. Ukiinama utachoka, na ukichoka utatetemeka."

Kisha alimtoa nje. Alimwonyesha kufunga stendi kwenye pete ya lenzi ndefu badala ya chini ya kamera, ili mbele kusielemee. Alimwambia aipeleke stendi mbele kidogo, atanue miguu yake na kuiegemea kidogo, ili miguu miwili ya mtu na mmoja wa stendi ishike ardhi pamoja. Viwiko vibane mbavuni. Ashushe pumzi, ndipo abonyeze. Akachora mstari kwa kisigino kukatiza barabara, na kumwagiza apige kila bodaboda pale tairi la mbele linapougusa.

Picha za kwanza zilikuwa mbaya. Noela alikuwa anabonyeza kitufe kwa hasira, na kila alipobonyeza kamera iliruka.

"Unabonyeza kama unayemchoma mtu kidole cha jicho," shangazi alimwambia. "Hasira yako iache mguuni. Kidole hakina ugomvi na mtu."

Alipiga bodaboda arobaini siku ile. Ijumaa akapiga sitini. Kufikia magharibi, tairi na mstari vilikuwa vinakutana katika picha tisa kati ya kumi, na mtu angeweza kusoma namba za pikipiki. Shangazi aliziangalia zote, akaifuta kamera vumbi na kumkabidhi.

Jumamosi wavulana walipomwona na stendi nyeusi begani walianza tena habari za ndama. Uso ulimwaka moto, lakini hakusimama. Alikwenda mpaka usawa wa mstari wa mwisho, akajipanga hatua chache kutoka uwanjani ili aone chaki yote kwa urefu wake, akakaza vifungio. Alisubiri pale tangu asubuhi. Uzito wote ulikuwa ardhini, na mabega yake hayakuuma.

Katika mita mia nane, mshindi wa kwanza alijulikana mapema. Nafasi ya pili ikabaki tena kati ya Justa na Febronia. Waliingia mita hamsini za mwisho wamekaribiana sana, watu wote wakasimama. Noela hakuwatazama. Alitazama chaki, akashusha pumzi, akabonyeza.

Mwamuzi alimtangaza Justa kuwa wa pili. Wanafunzi wa shule yao walikimbilia uwanjani wakambeba juu. Lakini mwalimu wa akina Febronia alikwenda mezani kukata rufaa, na yeye ndiye aliyekumbuka kwamba kulikuwa na picha.

Noela alikuwa amekwisha kuiona. Mstari mweupe ulisimama katikati, mnyoofu. Namba ishirini na saba kifuani mwa Febronia ilisomeka wazi, na kifua hicho kilikuwa kimevuka. Justa alikuwa nyuma kwa upana wa kiganja. Alikuwa amegeuza kichwa kumtazama mwenzake, na bega lake limerudi nyuma.

Justa alifika akihema, akaangalia kioo cha kamera. Furaha ilimtoka usoni.

"Ifute," alinong'ona. "Juzi uliniangusha kwa uongo. Leo nisaidie. Sema haikutoka."

Kidole cha Noela kilikuwa karibu na kitufe cha kufutia. Hakuna ambaye angejua. Walishaona moja ya picha zake haikutoka. Alitaka sana rafiki yake arudi dawati la mbele, na ilimchukiza kwamba picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga ndiyo hii. Akaichomoa kamera kwenye stendi, akaipeleka mezani kwa waamuzi.

Matokeo yalibadilishwa. Justa alibandua namba yake kifuani, akaitupa chini, akaenda kukaa nyuma ya madarasa. Noela alimfuata lakini hakuthubutu kusogea karibu naye. Mwalimu Bartholomeo alipita kati yao akiwa na kamera, akachuchumaa mbele ya Justa.

"Tazama," alisema.

"Sitaki."

"Tazama, Justa."

Alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, akaikuza picha, akaisogeza mpaka kwenye uso wake mwenyewe.

"Niligeuza kichwa," alisema mwishowe.

"Uligeuza. Mtu akigeuza kichwa, bega hurudi nyuma. Umepoteza nafasi pale."

"Na ile ya juzi?"

"Ile hatutaijua," mwalimu alisema. "Hiyo ndiyo kazi ya uongo na uzembe. Vinamwacha mtu na hasira isiyo na pa kwenda. Picha ya leo imekuumiza, naona. Lakini imekuambia ulipokosea, na kosa linalojulikana linarekebishika. Febronia yuko darasa la saba, mwakani hayupo. Wewe upo." Kisha akamgeukia Noela. "Na wewe, juzi ulidanganya ili watu wasikucheke, ukawaumiza watu wawili wanaokupenda. Leo umesema kweli ukijua itakuuma. Mkono unaweza kupata kitu cha kuuegemeza, mwanangu. Ukweli utausimamia mwenyewe. Mwalimu Mkuu alikuwa pale mezani, ameona. Mwambie shangazi yako kazi ya mahafali ni yake."

Alipoondoka, wasichana wawili walibaki wamekaa, mmoja mwanzo wa baraza na mwingine mwisho.

"Bado nina hasira na wewe," Justa alisema.

"Najua."

Justa alifuta uso kwa mkono wa fulana yake.

"Jumatatu alfajiri nitakuwa barabarani," alisema. "Njoo na kamera. Nataka unipige kila ninapofika mwisho, mpaka niache kugeuza kichwa."