Nimekula, Nimeshiba, Nitarudi

Ijumaa ile jua lilikuwa linazama, nami niko mtaani na rundo la karatasi kwapani, nagawa toleo jipya. Gazeti letu si gazeti hasa. Ni kurasa nne, nakala mia tatu, habari za mtaa mmoja: nani kahama, bomba gani limepasuka, duka gani limefunguliwa. Mhariri ni mwalimu mstaafu. Waandishi wote ni mimi.

Nilianza kwa kinyozi, kama kawaida. Alikuwa anafagia nywele.

"Mwandishi!" alisema. "Ule mgahawa wako, wee! Nimekwenda Jumatatu, nimekwenda Jumanne, nimekwenda mpaka jana. Mke wangu kaninunia, anasema nimeoa wapishi."

"Mgahawa gani?"

"Si ule uliouandika wiki iliyopita? Nyumba ya kona, mlango wa kijani. Usijifanye umesahau, bwana."

Nikacheka naye.

Wiki iliyopita, ukurasa wa tatu ulikuwa umebaki na nafasi ya mistari minane, na mashine ya kuchapa ilikuwa inatusubiri. Nikakumbuka karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa ile nyumba ya kona, nyumba iliyofungwa tangu niko shule ya msingi. *Chakula kizuri. Tunafungua karibuni.* Karatasi yenyewe ilishapauka kwa jua. Mhariri ana sheria moja tu: haziandikwi habari za chakula ambacho mwandishi hajakila. Nami nikaandika: *Nimekula, nimeshiba, nitarudi.* Nilipenda yanavyokwenda maneno hayo, kama hatua za mtu anayeshuka ngazi. Nikajiambia, nani atakwenda kukagua mlango uliofungwa?

Sikuwa nimekula.

Hakukuwa na mgahawa.

"Kinyozi, u mzima kweli?" nilimuuliza, maana shati lilimning'inia kama bado liko kwenye kamba ya kuanikia.

"Mzima," alisema, akijipapasa tumbo ambalo halikuwepo. "Nimeshiba tu."

Hapo ndipo nilipomkumbuka dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani, anashonea sebuleni kwetu, na wiki nzima hiyo hakuwa amewasha jiko. "Nimekula huko huko, mdogo wangu, wewe jipashie kiporo," ndivyo alivyosema kila jioni. Kisha alikaa kwenye cherehani na kulipunguza gauni lake mwenyewe kiunoni. Jumatatu kidogo. Jumatano tena. Jana, mara mbili. Mimi, mwandishi wa habari za mtaa, nilidhani ni mtindo.

Niliziacha karatasi kwa kinyozi nikaondoka mbio.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Taa zilikuwa zinawaka ndani, taa za manjano, hafifu. Nilisimama kizingitini nikavuta pumzi nikitafuta harufu ya kitunguu, ya mafuta ya moto, ya moshi... ya chochote.

Hakuna. Hata harufu ya vumbi hakuna.

Kulikuwa na sauti moja tu. Vijiko.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Watu wapatao thelathini walikuwa wamekaa, kila mmoja na meza yake, wote wakiutazama ukuta mmoja. Niliwajua karibu wote. Fundi baiskeli. Muuza maua. Mwalimu wa chekechea. Hakuna aliyekuwa anazungumza. Walichota, wakatia mdomoni, wakatafuna, wakameza. Na sahani zao zilikuwa safi. Si sahani zilizokwisha kuliwa, la. Safi, kama zimetoka kabatini sasa hivi.

Dada alikuwa meza ya nne.

"Dada," nilinong'ona nikipiga magoti kando yake. "Dada, twende nyumbani."

"Subiri nimalize." Hakunitazama. Mfupa wa shavu lake ulipanda na kushuka. "Huu mchuzi, mdogo wangu... ni wa mama. Ni ule ule."

Mama alifariki nikiwa na miaka sita.

"Karibu, mwenyeji," sauti ilisema nyuma yangu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, aproni nyeupe isiyo na doa hata moja. Mikono yake ilikuwa mikavu, mikavu kabisa, kama haijawahi kugusa maji.

"Mimi si mwenyeji wa hapa," nilisema.

"Ni wewe." Alinong'ona kwa upole, kama muuguzi. "Sisi tulibandika karatasi yetu, tukangoja. Miaka tukingoja. Mtu mmoja tu, aseme amekula kwetu. Ukasema wewe."

Alinivutia kiti.

"Sahani yako iko tayari. Hukuwahi kuigusa."

Nilikitazama kile kiti. Naapa, nilihisi njaa. Njaa ya kweli, ya kukata matumbo. Na kwa mbali, kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile, nikasikia harufu... ya jikoni kwa mama.

Nikamgeukia dada. Sikujua la kufanya. Nilijua jambo moja tu la kusema, nalo lilikuwa la aibu.

"Dada, nilidanganya. Sikula hapa. Niliandika tu kujaza karatasi."

Kijiko chake kikasimama hewani.

"Unasemaje?"

"Sijala hapa hata siku moja. Niangalie. Nilikuwa mwongo."

Alinitazama. Kisha akaitazama sahani. Akaipitishia kidole, akakitazama kidole.

"Mbona hakuna kitu?" alisema, sauti ya mtoto. "Nimekuwa nikila nini?"

Nilimwinua kwa makwapa. Alikuwa mwepesi, mwepesi kama nguo. Tulipofika mlangoni niliwageukia wengine nikapiga kelele: "Jamani, nilidanganya! Sahani tupu hizo! Amkeni!"

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Mwanamke wa aproni alitabasamu, kwa mara ya kwanza.

"Kila mmoja alisoma peke yake," alisema.

Usiku ule dada alikunywa uji vikombe vitatu, akilia na kujicheka. "Mwandishi mzima wewe," alisema, "umenilisha hewa wiki nzima. Ningekuwa na nguvu ningekuchapa." Nilikubali nichapwe. Nilifurahi hata kusikia anavyopuliza uji.

Jumamosi nilikwenda kwa Mhariri nikakiri. Hakunigombeza. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema, "Masahihisho hayasomwi na mtu, kijana wangu. Hata mimi huyaruka. Utayapeleka kwa miguu." Akanipa orodha ya nyumba zote tunazogawa.

Nikaanza. Nilibisha hodi, nikamwomba kila aliyesoma asimame mbele yangu, nikamtazama machoni: sijala pale, nilidanganya. Wengine walinicheka. Wengine walikaa chini ghafla, wakashika matumbo yao, wakaomba maji. Muuza maua alinipiga kofi, kisha akanikumbatia. Hadi jioni nilikuwa nimegonga milango arobaini na mmoja.

Kinyozi nilimkuta amelala nyuma ya duka lake, kwenye mkeka.

"Kaka, nisikilize," nilisema. "Sijala pale. Nilidanganya."

Akanitazama kwa macho makubwa yaliyozama.

"Acha utani. Si umepita hapa asubuhi, ukaniambia nisiwasikilize wanaosema sema?"

"Mimi? Nimepita hapa?"

"Wewe na nani? Umekaa hapo hapo ulipokaa. Umesema umekula jana na leo utarudi." Alimeza mate. "Umesema jioni unampitia dada yako."

Nilikimbia. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka, moja baada ya nyingine, na kwamba kila nilipopita chini ya moja niliomba nisichelewe.

Mlango wetu ulikuwa umekomewa kwa ndani. Niligonga.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya dada, ya chini sana.

"Mimi. Fungua."

Komeo halikusogea.

"Mimi nani?"

"Mdogo wako! Dada, fungua!"

Kisha nikasikia mdomo wake karibu kabisa na mbao za mlango.

"Mdogo wangu yuko humu ndani," alinong'ona. "Anavaa viatu. Anasema tutoke."

Nami nikausogeza mdomo kwenye mbao.

"Muulize," nilisema, "kama amekula pale."

Nikamsikia akiuliza. Na nikaisikia sauti yangu, sauti yangu mwenyewe, tamu na iliyotulia kuliko nilivyowahi kuisikia, ikijibu kutoka chumbani: "Nimekula. Nimeshiba."

"Basi si mimi, dada. Mimi sijala. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Komeo likavutwa.

Dada alitoka peku, akanishika mkono, akanivuta kuelekea barabarani. Hakugeuka. Mimi niligeuka.

Kupitia mlango wa chumba nilimwona yule mwingine amekaa ukingoni mwa kitanda changu, mguu mmoja juu ya goti, anafunga kamba za kiatu bila haraka. Shati langu. Sura yangu. Lakini amenenepa. Mashavu yamejaa, shingo ina mikunjo, vifungo vya shati vinakaribia kukatika. Nilimtazama nikawaza mwili wa kinyozi, mwili wa muuza maua, kiuno cha dada. Aliniinulia mkono, kama unavyomsalimu mfanyakazi mwenzako.

Sasa tunaishi kwa shangazi, mtaa wa pili. Mlango wa kijani umefungwa, na karatasi ile imebanduliwa, ingawa hakuna anayejua ni nani aliyeibandua. Kinyozi anakula, anapata nafuu. Dada anashona, na hanifungulii mpaka nimeungama upya.

Mimi bado nagonga milango. Nimefika mia mbili na kumi na sita. Wengi wananipokea vizuri, wanasikiliza, wanaelewa. Ila wapo wanaofungua, wananitazama juu mpaka chini, kisha wananiuliza kwa huruma imekuwaje nimekonda hivi tangu asubuhi.