Uliomba Mzizi Mmoja

Ilianza na kikohozi. Beatha, mtoto wa miaka sita, alikohoa sebuleni, na kikohozi kilekile kikajibu jikoni. Mama yake, Honorata, alikuwa peke yake huko jikoni, mwiko mkononi.

"Beatha, acha mchezo."

"Mbona niko huku, mama."

Nyumba ilinuka mzizi uliopondwa, harufu kali ya kuwasha pua. Honorata aliijua. Ilikuwa harufu ya kazini kwake.

Shamba la mkonge lilipouzwa kwa tajiri na watu kupunguzwa kazini, Daktari Erasmo alifungua maabara kwenye ofisi kuukuu za shamba hilo, nje kidogo ya Same, akamwajiri Honorata. Alitaka kimeng'enya cha mmea, kile kinachogeuza majimaji kuwa bluu kikikutana na dawa ya kusafishia vidonda, nacho hutumiwa na watafiti kupimia magonjwa. Mzizi wenye kimeng'enya kikali kuliko yote uliota kule Mamba, milimani, kwenye msitu wa matambiko wa ukoo wa Honorata.

Honorata alipoufuata, shangazi yake Lukia, mtunza msitu, aliwamwagia mizimu pombe ya miwa chini. "Unaomba mingapi?"

"Mmoja tu, shangazi."

Na kweli alichimba mmoja. Lakini Erasmo alitoa chembe ya urithi ya mzizi ule, akaipandikiza kwenye bakteria, nao wakazaana ndani ya chupa, kila mmoja akitengeneza kile kitu cha msituni, maelfu kwa maelfu, bila hata tone la pombe kumwagwa. Akajisifu kwamba hawatapanda mlima tena. Mpumbavu yule!

Jumamosi, jua la utosi, Honorata alimkuta Beatha kizingitini akichambua maharage, akainua macho na kumwona Beatha mwingine amesimama kwenye mkonge, gauni lilelile, goti lilelile lililochubuka asubuhi, na wote wawili wakamwita mama kwa pamoja, kwa sauti moja, huku harufu ya mzizi ikimkaba koo. Aliwaacha pale pale, akakimbilia stendi kumtumia shangazi salamu.

Lukia alishuka kwa basi, wala hakukaa.

"Uliomba mmoja, ukafanya wengi. Na mizimu imekufanyia vilevile. Nenda kachemshe chupa zote. Kisha mwite mmoja ndani, ufunge mlango. Wa nje ataondoka, harudi tena."

"Wangu nitamjuaje?" Honorata alinong'ona.

"Mama ni wewe. Unaniuliza mimi?"

Alizichemsha zote kule maabara. Aliporudi, watoto walikuwa wamesimama uani. Akaita. Mmoja alimkimbilia akilia, akamkumbatia miguu. Mwingine aliduwaa tu, macho makavu, kwa woga. Honorata akamshika anayelia, akafunga mlango kwa komeo.

Ndipo wa nje alipoanza kulia. "Mama, nimekosa nini?" Aligonga mpaka akachoka, kisha sauti ikasogea mbali, kwenye mkonge, kuelekea milimani. Honorata aliziba masikio. Roho ilimuuma, lakini hakufungua.

Kulipotulia alichukua ile dawa ya vidonda amsafishe mtoto goti. Siku zote ilitoa povu jeupe, na Beatha akapiga kelele. Safari hii hapakuwa na povu wala kelele. Goti liligeuka bluu taratibu.

Honorata aliufungua mlango kwa nguvu, akaita jina la mwanawe mpaka sauti ikakauka. Nje kulikuwa na mkonge tu.

Nyuma yake mtoto alikohoa. Kikohozi kikajibu jikoni, kisha chumbani, kisha chini ya kitanda.